Ndege za Mabua na Mabanzi: Ndege za Mfano kama Chanzo cha Historia katika Njombe na Makambako

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza utengenezaji wa ndege za mfano katika miji ya Njombe na Makambako, yaani ndege ndogo zinazoundwa kwa mkono na kupakwa rangi. Watafiti wa utamaduni wamezoea kuziita vitu vya kuchezea na kuziacha hapo. Mwandishi anashikilia kuwa ndege ya mfano ni chanzo cha historia, kwa sababu umbo lake huhifadhi mahali aliposimama mtu aliyeitazama ndege halisi. Kinachoonekana katika kitu hicho, na hasa kilichoachwa, hueleza ni kwa njia gani teknolojia ilimfikia mtazamaji.

Hoja hii ina kikwazo ambacho hakifai kufichwa. Ndege za aina hiyo hazikuundwa ili zidumu, na zile ambazo mwandishi anazifahamu zimekwisha kuoza au kuchomwa. Kwa hiyo ushahidi mkuu ni kumbukumbu ya mwandishi mwenyewe, aliyekulia Makambako katika miaka ya 1990, na kumbukumbu hiyo inapimwa dhidi ya historia inayofahamika ya usafiri, sinema na viwanda vya mifano. Iwapo ushahidi wa namna hiyo unatosha, msomaji ataamua baada ya kuuona ukifanya kazi.

2.0 Barabara, reli na anga

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana hapo na barabara inayoelekea Njombe na Songea, na Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, inafika hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi. Mtoto wa Makambako aliyaona malori na mabehewa kila siku, tena kwa karibu. Aliyaona yakitengenezwa kando ya barabara, dereva akiwa chini ya injini na miguu tu ikionekana.

Hali hiyo ilijidhihirisha katika magari ya waya. Gari zuri la waya lilikuwa na ekseli mbili au tatu, springi zilizokatwa kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, magurudumu ya soli za ndala au visoda, na usukani wa mti mrefu uliomfikia dereva wake kiunoni. Magurudumu ya mbele yalikata kona kwelikweli. Aliyeunda gari lisilokata kona alichekwa. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani kwa kuangalia gari likipita. Yanapatikana kwa kuchungulia uvunguni.

Ndege ilikuwa habari nyingine. Njombe mjini kuna uwanja mdogo wa ndege, lakini ndege zilizotua hapo zilikuwa chache na ndogo. Ndege kubwa za abiria zilipita juu sana, zikiacha mstari mweupe. Umbali huo una historia ndefu. Shirika la Imperial Airways lilipoanza safari za London hadi Cape Town mwaka 1932, Dodoma na Mbeya zilikuwa miongoni mwa vituo vyake, na Kiswahili cha enzi hizo kilikuwa na maneno “eropleni” na “ndege ulaya” kwa ajili ya chombo hicho. Kwa mkazi wa Njombe, hata hivyo, ndege iliendelea kwa miongo mingi kuwa kitu cha kutazamwa kutoka chini.

Ndege za mabua zilithibitisha hilo. Ziliundwa kuanzia Juni, mahindi yakishavunwa na baridi ikiwa imeshika. Ganda gumu la bua lilibanduliwa kwa kucha au wembe na kukatwa vijiti vyembamba. Vijiti hivyo vilichomekwa katika kiini laini cha bua jingine vikawa misumari yake. Hakuna gundi iliyohitajika. Kiwiliwili kilikuwa bua moja, bawa lilikuwa bua la pili lililokaa juu yake, na mkia ulikuwa kipande kifupi. Ukiitazama kutoka juu au kutoka chini, ilikuwa ndege kamili. Ukiitazama kutoka ubavuni, haikuwa na kitu: haikuwa na madirisha, magurudumu, mlango wala chumba cha rubani. Mikono iliyounda springi za lori ingeweza kuunda magurudumu ya ndege bila shida, lakini magurudumu ya ndege inayopita juu mbinguni hayaonekani.

Mtazamo huo wa chini haukuwa wa watoto peke yao. Mwanzoni mwa mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze ndege za mfano 500,000 kwa ajili ya kuwafundisha askari kuzitambua ndege za kirafiki na za adui. Zilikuwa za kipimo cha 1:72, ambapo inchi moja husimama badala ya futi sita, na zilipakwa rangi nyeusi tupu ili lisalie umbo peke yake. Jeshi lilitaka kwa makusudi kile ambacho mtoto wa Makambako alikipata kwa kukosa njia nyingine.

Mabadiliko yalikuja na vibanda vya video. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kibanda kimoja karibu na stendi ya Makambako, mwandishi aliiona sinema ya Top Gun ya mwaka 1986, ambayo nyota wake wa kweli, kwa maoni ya waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi, ni ndege ya kivita aina ya F-14. Kwa mara ya kwanza ndege ilionekana kutoka ubavuni, kutoka nyuma, na kutoka ndani. Ilionekana pia kuwa mabawa yake yanasogea: yanatanuka inapokwenda polepole na kurudi nyuma inapokimbia. Ndani ya wiki ile mwandishi aliunda ndege ya banzi la msindano yenye mabawa mawili, kila moja likizunguka kwenye msumari wake, na kioo cha rubani kilichokatwa kutoka kwenye chupa ya maji. Ilikuwa na magurudumu. Kwa ushahidi wa kitu hicho kimoja, mtazamaji alikuwa ameondoka chini ya ndege na kusimama kando yake. Mama aliitumia kuwashia moto asubuhi moja ya Julai, na hakuna wa kumlaumu. Banzi kavu lenye utomvu huwaka vizuri kuliko chochote.

3.0 Mabanzi ya Njombe na mbao za Shizuoka

Njombe ni nchi ya miti. Kampuni ya TANWAT ilianza kupanda miwati katika eneo hilo tangu mwaka 1949, na misindano imeenea kiasi kwamba mabanzi, yaani vipande vya pembeni vinavyobaki gogo likipasuliwa, hujengea mabanda na huchomwa kama kuni. Jambo hili linaalika ulinganisho ambao mwandishi haujui kufanywa mahali pengine. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, iliyo maarufu duniani kwa mifano ya plastiki, ilianza mwaka 1946 kama biashara ya kupasua na kuuza mbao. Mifano ya mbao ilikuwa kitengo chake kidogo. Iliacha biashara ya mbao mwaka 1953, na mwaka 1960 ikatoa mfano wake wa kwanza wa plastiki, meli ya Yamato.

Haifai kuhitimisha kuwa Njombe ingeweza kuwa Shizuoka. Msitu peke yake hauzai kiwanda. Panahitajika mnunuzi, na panahitajika pia watu wazima wanaoamini kuwa kitu kile ni kazi. Katika shule aliyosoma mwandishi, somo la stadi za kazi lilidai mafagio na mipini ya majembe, navyo vilipewa alama. Ndege yenye mabawa yanayokunjuka, ambayo ilihitaji kupima, kusawazisha kwa msasa na kutafuta mahali pa kuweka uzito ili pua isiinuke, haikuwa na safu katika daftari la mwalimu. Si mwalimu huyo aliyetunga mtaala.

4.0 Twiga kwenye ndege ya kivita

Rangi ni suala gumu kuliko umbo. Bua hunyonya rangi ya maji na kubaki na mabaka. Msindano una vifundo vyenye utomvu, nao hupenya rangi na kuacha doa la manjano baada ya siku chache. Rangi iliyopatikana ilikuwa ya mafuta, mabaki ya kupaka milango au mabodi ya malori, na uzito wake ulifunika mistari iliyochongwa kwa uangalifu. Ndiyo sababu ndege nyingi za wakati ule zilikuwa za buluu ya malori. Anayesema zilikuwa na rangi ya anga anatia ushairi mahali palipokuwa na kopo.

Hata hivyo nembo zilichaguliwa. Kwenye mkia wa ndege yake ya kivita mwandishi alichora twiga, nembo ya shirika la Air Tanzania lililoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Twiga wa ndege za abiria hana kazi kwenye ndege ya vita, na mwenye kutafuta usahihi wa kijeshi ataliita kosa.

Wabunifu wa Kijapani walifanya jambo lilelile. Mwaka 1982 ulianza mfululizo wa katuni wa Macross, ambao ndege yake mashuhuri, VF-1, ilibuniwa na Shoji Kawamori kwa kufuata umbo la F-14, pamoja na mabawa yake yanayosogea, kisha ikapewa uwezo wa kugeuka roboti. Moja ya ndege hizo ina fuvu na mifupa mkiani, alama iliyotokana na kikosi cha F-14 cha Jeshi la Majini la Marekani kilichojulikana kama Jolly Rogers. Leo kampuni ya Hasegawa, nayo ya Shizuoka, hutengeneza seti za ndege hizo kwa kipimo cha 1:72, na wanaozipaka rangi hubishana kwa dhati juu ya usahihi wa kivuli cha kijivu cha ndege ambayo haijawahi kuwepo.

Vitu hivyo viwili vilitokana na ndege moja. Kimoja kina tarehe, jina la mbunifu na sanduku lenye picha, na mtafiti anaweza kukiagiza na kukipima kwa rula. Kingine kina maelezo haya tu: urefu wa kama mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi kidole cha kati, banzi la msindano, misumari miwili ya inchi moja na nusu, rangi ya buluu, twiga mmoja mwenye shingo fupi kuliko inavyostahili kwa kuwa mkia haukutosha.