Kutoka Fimbo hadi Kioo: Historia ya Antena za Redio katika Vioo vya Magari na Suala la Urekebishaji

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya usanifu wa antena za redio zilizojengwa katika vioo vya magari, kuanzia Marekani na Ujerumani hadi kwenye magari ya Kijapani yaliyotumika yanayoendeshwa Afrika Mashariki. Hoja yake kuu ni kwamba antena haikuhamia kwenye kioo kwa ajili ya urembo pekee. Mabadiliko ya mali ghafi za bodi na kioo yaliilazimisha itafute makao mapya, na kadiri ilivyozidi kuungana na kioo, ndivyo uwezo wa kuirekebisha ulivyotoka mikononi mwa fundi na kuingia kiwandani.

1.0 Utangulizi

Antena ya fimbo iliyosimama juu ya madigadi ya gari ilikuwa kifaa kisicho na siri. Mwenye gari aliiona, aliinyoosha ilipopinda, na ilipovunjika fundi wa mtaani aliibadilisha kwa muda mfupi. Antena ya kioo ni kinyume chake. Ni mistari myembamba ambayo abiria wengi huidhania kuwa pambo au sehemu ya mfumo wa kuondoa ukungu. Ikikatika, redio hupoteza nguvu bila mtu kujua kwa nini.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu badiliko hili ni ya urembo na hifadhi: fimbo iliharibu sura ya gari, ilivuma kwa upepo, ilivunjwa na mashine za kuoshea magari na kuibiwa na wapita njia. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Hayaelezi kwa nini antena ilifichika, ikajitokeza, kisha ikafichika tena. Wala hayaelezi ni nani aliyebeba gharama ya kufichika huko.

2.0 Paa la Kitambaa na Paa la Chuma

Mwaka 1930 Paul Galvin, mwenye kampuni ya Galvin Manufacturing ya Chicago, alifunga redio katika gari lake na kwenda nayo kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio huko Atlantic City. Redio hiyo iliuzwa kwa jina la Motorola. Nchini Ujerumani, Blaupunkt ilitoa redio yake ya gari mwaka 1932.

Magari mengi ya wakati huo yalikuwa na sehemu ya paa iliyofunikwa kwa kitambaa kilichotandazwa juu ya fremu ya mbao, na chini ya kitambaa uliwekwa wavu wa waya ili kisibonyee. Wavu huo, ulipotenganishwa na bodi ya chuma, ulitumika kama antena. Kwa hiyo antena za mwanzo za magari hazikuwa fimbo. Zilikuwa zimefichwa ndani ya kitu kilichowekwa kwa kazi nyingine, na jambo hili litajirudia katika historia yote inayofuata.

Makao hayo hayakudumu. Katika magari ya mwaka 1935, kampuni ya General Motors ilianzisha paa la bamba moja la chuma. Chuma huzuia mawimbi ya redio, hivyo antena ya paani ilikosa mahali. Wasanifu walijaribu kuifunga chini ya gari, karibu na ubao wa kukanyagia, ambako matope na mawe viliiharibu. Hatimaye ilipelekwa nje na kusimamishwa wima. Fimbo, ambayo vizazi vya baadaye viliiona kuwa antena ya asili ya gari, ilikuwa suluhisho la tatizo lililoletwa na paa la chuma.

3.0 Fizikia ya Fimbo na Skrubu ya Fundi

Katika mawimbi ya kati, kituo kinachorusha kwa kilohezi 1,000 kina wimbi lenye urefu wa mita 300. Fimbo ya sentimita 80 haifiki hata sehemu moja ya 300 ya urefu huo. Antena fupi kiasi hicho hutenda kazi kama kapasita ndogo, na kebo inayoiunganisha na redio ni kapasita nyingine inayogawana nayo volteji. Kebo ikiwa ndefu, sehemu kubwa ya mawimbi hupotea kabla ya kufika kwenye redio.

Kwa sababu hiyo, redio nyingi za magari zilikuwa na skrubu ndogo ya kulinganisha redio na antena yake. Fundi alitafuta kituo dhaifu, akaigeuza skrubu taratibu hadi sauti ikawa kubwa kuliko awali, kisha akaiacha hapo. Katika mpangilio huu, uamuzi wa mwisho wa usanifu ulifanyika gereji. Kiwanda kiliuza sehemu, naye fundi ndiye aliyezioanisha.

Matangazo ya FM yalipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, fimbo ilipata bahati. Kwa megahezi 100 wimbi lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75, kipimo kinachokaribia fimbo iliyokuwa tayari kwenye madigadi.

4.0 Nyaya katika Kioo cha Mbele

Kioo cha mbele kilikuwa kimebadilika pia. Kioo cha tabaka, ambacho mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alipata hataza yake mwaka 1909, kina mapande mawili ya kioo yaliyogandishwa kwa tabaka la plastiki katikati. Tabaka hilo liliwekwa ili kioo kikivunjika vipande visiruke usoni mwa abiria. Wasanifu wa antena waliona ndani yake nafasi ya kulaza waya.

Gari la Pontiac Grand Prix la mwaka 1969 liliuzwa likiwa na antena ya waya mwembamba ndani ya kioo cha mbele, na katika miaka ya 1970 General Motors iliitumia mbinu hiyo katika magari yake mengi. Sura ya gari ilisafika. Hata hivyo, waya ulikuwa umelala karibu na injini na dashibodi, penye kelele za umeme za plagi na mota ya waipa. Tena ulikuwa karibu na fremu ya chuma ya dirisha, ambayo ilivuta sehemu ya nguvu ya mawimbi. Mwelekeo wake nao ulikuwa na athari: mawimbi ya kati husafiri yakiwa na mtikisiko wa wima, na waya uliolala huyapokea kwa udhaifu.

Badiliko kubwa zaidi lilihusu matengenezo. Antena ilipokatika, hapakuwa na njia rahisi ya kuufikia waya uliofungiwa kati ya mapande mawili. Tiba ilikuwa kubadilisha kioo kizima au kurudisha fimbo nje, na wenye magari wengi walichagua fimbo.

5.0 Kioo cha Nyuma na Mchango wa Ujerumani

Kioo cha nyuma kilitoa fursa nyingine. Mistari ya kuondoa ukungu huchapwa kwa rangi yenye madini ya fedha, kisha huchomwa pamoja na kioo hadi ishikamane nacho. Kwa mbinu hiyohiyo mistari ya antena ingeweza kuchapwa kando yake, au mistari ya joto yenyewe ikageuzwa kuwa antena.

Kugeuza huko kulihitaji utatuzi wa mgongano. Mistari ya joto hupitisha mkondo wa zaidi ya ampia 10 kutoka kwenye betri, na imeunganishwa na bodi ya gari. Kwa mawimbi ya redio, muunganisho huo ni sawa na kumwaga maji kabla hayajafika mtungini. Suluhisho lilikuwa koili yenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja: mkondo wa kwenda na wa kurudi hufuta sumaku ya kila mmoja, hivyo umeme wa betri hupita bila shida ilhali mawimbi ya redio huzuiwa yasikimbilie kwenye bodi.

Nchini Ujerumani, Hans Heinrich Meinke wa Munich na baadaye Heinz Lindenmeier waliendeleza antena zenye transista zilizowekwa pale pale antena inapoanzia. Kikuza mawimbi kilichokaa ukingoni mwa kioo kiliondoa hasara ya kebo ndefu iliyoelezwa hapo juu. Lindenmeier alishughulikia pia tatizo la mwangwi wa mawimbi mjini. Mawimbi ya FM yanaporudishwa na majengo, hukutana na yale ya moja kwa moja na kufutana, na sehemu hizo za ukimya zinaweza kuwa umbali wa takriban mita 1.5 kati ya moja na nyingine. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linaweza kupita sehemu kama hizo karibu 18 kila sekunde. Kwa kuwa kioo kimoja kinaweza kubeba antena kadhaa, mfumo uliweza kutambua usumbufu na kuhamia antena nyingine papo hapo. Hapa kioo kilifanya jambo ambalo fimbo moja isingeweza.

Lakini mafanikio hayo yalikuwa na sharti. Bodi yote ya gari ni sehemu ya antena ya kioo, hivyo umbo la mistari linalofaa gari moja halifai jingine. Awali wasanifu walibandika vipande vya shaba kwenye kioo na kupima tena na tena. Baada ya Roger Harrington kuchapisha kitabu chake kuhusu mbinu ya momenti mwaka 1968, na kompyuta kupata nguvu, kazi hiyo ilihamia hatua kwa hatua kwenye hesabu. Skrubu ya fundi ilikuwa imekwisha nafasi yake.

6.0 Antena Iliyovuka Bahari

Matokeo ya historia hii yanaonekana waziwazi Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 Tanzania na Kenya zilifungua milango kwa vituo binafsi vya redio, vingi vikirusha kwa FM. Magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo nayo huendesha upande wa kushoto, yakawa mengi barabarani. Redio za magari hayo zilitengenezwa kwa megahezi 76 hadi 90, masafa ya FM ya Japani ya wakati huo, ilhali vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 87.5 na 108. Eneo linaloingiliana ni dogo mno.

Mafundi walijibu kwa kufunga kisanduku kinachoshusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 20, kituo cha 100 husikika penye 80. Wengine walibadilisha redio nzima. Tiba zote mbili ziligusa redio na kuiacha antena, ambayo katika magari mengi ilikuwa imechapwa kwenye kioo na kupimwa kwa mawimbi marefu zaidi. Kwa megahezi 83 wimbi lina mita 3.6, kwa 105 lina mita 2.9. Aidha, kikuza mawimbi kilicho ukingoni mwa kioo huhitaji umeme, na redio mpya isipounganishwa na waya wake, vituo hupokelewa kwa udhaifu hata kama redio ni nzuri.

Kuna hatari mbili zaidi. Tinti yenye chembe za metali ikibandikwa juu ya mistari hudhoofisha mapokezi, na wembe unaotumika kuibandua huweza kuikata mistari yenyewe. Pili, kioo mbadala kinachofanana na cha awali kwa umbo kinaweza kukosa mistari ya antena. Mwenye gari hulipia kioo na kupoteza redio bila mtu kumweleza uhusiano wa mambo hayo mawili.

7.0 Hitimisho

Antena ya gari imekuwa mpangaji katika nyumba ya wengine: wavu wa paa, plastiki ya kioo cha mbele, mistari ya ukungu. Kila mwenye nyumba alipobadilika, mpangaji alihama au alibadili umbo. Antena ya kioo ilishinda fimbo katika uimara na, kwa mifumo ya antena nyingi, katika ubora wa sauti mjini. Gharama yake ilikuwa kufungiwa kwa maarifa. Iliwekwa ndani ya kioo pamoja na masafa ya nchi ilikotengenezwa, na ilipovuka bahari ilivuka nayo. Fundi wa Dar es Salaam au Mombasa hapungukiwi ustadi kuliko yule aliyegeuza skrubu. Kilichopungua ni sehemu ya kifaa inayomruhusu kuutumia. Tathmini ya teknolojia hii, kwa hiyo, haina budi kupima ubora wa mapokezi pamoja na swali la nani anaweza kuyarejesha yanapopotea.