Upasuaji wa moyo kwa wenye maradhi ya ini

Upasuaji wa moyo kwa wenye maradhi ya ini ni operesheni ya hatari kubwa, hasa kwa wagonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Upasuaji ambao mtu mwingine huuvumilia vizuri unaweza kumuua mgonjwa wa sirosisi.

Chanzo cha hatari

Protini nyingi za kugandisha damu hutengenezwa na ini. Ini likisinyaa protini hizo hupungua, bandama huvimba na kunasa chembe sahani. Mashine ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio mara ya kwanza huko Philadelphia mwaka 1953, huzidisha tatizo: damu huzimuliwa na kutiwa heparini (dawa ya kuzuia kuganda), chembe sahani huharibika mirijani, na ini lenyewe hupata damu pungufu. Mgonjwa anaweza kuvuja damu bila kukoma, kupata maambukizi, figo zikafeli, kisha ini likashindwa kabisa.

Vipimo

Alama za Child na Turcotte (1964), zilizorekebishwa na Pugh (1973), huhesabu bilirubini, albumini, muda wa damu kuganda, maji ya tumboni na kuchanganyikiwa. Kundi A (alama 5–6) hupasuliwa kwa tahadhari. Kwa kundi B (7–9) vifo huongezeka sana. Kundi C (10–15) kwa kawaida hukataliwa. Kipimo kingine cha ukali wa ugonjwa wa ini, MELD, hutumika pia.

Katavi

Mkoa wa Katavi nchini Tanzania, wenye makao makuu Mpanda, unaonyesha jinsi mahali anapoishi mgonjwa panavyoongeza hatari hiyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda kwa barabara. Umbali huo una uzito wa kitabibu: valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatiki ikichelewa kutibiwa, damu hurudi nyuma na kulijaza ini, na moyo wenyewe ukawa chanzo cha ugonjwa wa ini. Anayewekewa valvu bandia ya kimakanika hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupimwa damu mara kwa mara. Ini bovu huvuruga dozi.

Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kandokando ya Ziwa Tanganyika, ni cha hila zaidi. Mayai ya minyoo huacha makovu kuzunguka mishipa ya ini huku kazi ya ini ikibaki karibu ya kawaida. Alama za Child husomeka kundi A, ilhali mishipa ya umio imevimba tayari kupasuka. Bandama kubwa isipuuzwe.

Kinga

Chanjo ya homa ya ini B, ambayo ni chanzo kimojawapo cha sirosisi, imo katika ratiba ya watoto wachanga Tanzania tangu 2002. Watu wazima wengi waliozaliwa kabla yake hawakuipata.