Bawaba Tatu

Babu yangu alikuwa mhunzi wa Kipangwa, mtu wa milima ya Ludewa, ambayo ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi Njombe ilipopewa mkoa wake mwaka 2012. Baba yake aliwahi kuyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto. Babu alikuta majembe ya dukani yameshaingia, akawa anafua springi za malori zilizokatika. Jembe likitoka kwenye fuawe na kupoa, alilibana kwenye panda ya mti na kulivuta taratibu. Likikatika ghafla, lilirudi motoni. Likipinda, alilinyoosha kwa nyundo mbili tatu na kumpa mteja. "Hili litakuonya," alikuwa akisema.

Mimi nimechomelea vyuma mjini Iringa zaidi ya miaka thelathini: kenchi, mageti, matanki, vibanda vya mashine za kukoboa. Jembe la babu limenifuata kote huko.

Mwaka 1991 nilikwenda kusoma Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanzishwa mwaka 1986 na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Tulifundishwa kukadiria mhimili kwa kanuni moja: chuma hunyumbuka na kurudi, na pale ukingo wake unapofikia kikomo cha kunyumbuka, hesabu imeisha. Kwa chuma laini cha ujenzi kikomo hicho ni kama nyutoni 250 kwa kila milimita ya mraba. Nilikaa nalo hilo usiku. Jembe la babu lilikuwa limeshavuka kikomo hicho pale kwenye panda, na bado lililima misimu kadhaa.

Jibu nililipata kwa mwalimu mmoja aliyetusimulia habari za Gábor Kazinczy, mhandisi wa Hungaria. Mwaka 1914 Kazinczy aliandika kuhusu majaribio ya mihimili iliyoshikwa imara ncha zote mbili. Mhimili wa namna hiyo, ukitandazwa mzigo sawasawa, huzidiwa kwanza kwenye ncha. Lakini hauanguki. Kila ncha hugeuka kuwa kama bawaba ya mlango iliyokaza kwa kutu: inazunguka, ila bado inapinga kwa nguvu ileile. Mzigo unaozidi unahamia katikati. Mpaka bawaba ya tatu izaliwe pale katikati ndipo mhimili unaporomoka. Kama ncha zilianza kulegea kwa tani 12, anguko lenyewe linakuja kwenye tani 16. Hizo tani nne ndizo babu alizozijua kwa mikono. Wataalamu huliita anguko hilo la kiplastiki, na maana yake si plastiki ya ndoo. Ni ile hali ya chuma kupinda na kubaki kimepinda.

Aliyeifanya akiba hiyo iokoe watu ni John Baker wa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1941, alibuni kizimba cha chuma chenye umbo la meza ambacho familia ililala chini yake mabomu yakianguka. Wakakiita kwa jina la waziri Morrison. Hakukusudia kizimba kisipinde. Alikusudia kipinde kiasi, ili kile kishindo cha ghorofa inayoanguka kiishie ndani ya chuma kabla hakijamfikia aliyelala. Vilitengenezwa zaidi ya laki tano. Kila ninapoifikiria kazi hiyo namheshimu upya.

Mhimili mmoja unaukokotoa kwenye karatasi. Jengo zima la nguzo na kenchi linaweza kuanguka kwa njia nyingi, na mkokotoaji hubashiri bawaba zitakaa wapi. Akibashiri vibaya, jibu linakuja kubwa kuliko nguvu halisi ya jengo, yaani kosa linamwegemeza upande wa hatari. Hapo ndipo kompyuta ilipoleta faida. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walionyesha namna ya kulikata umbo la ndege katika vipande vidogo, kila kipande kikipewa hesabu yake, kisha vyote vikaunganishwa. Mwaka 1960 Ray Clough akaipa mbinu hiyo jina inalojulikana nalo. Programu za leo huongeza mzigo hatua kwa hatua, zikiangalia kila kipande kama kimelegea, hadi umbo liache kupinga. Bawaba zinajitokeza zenyewe.

Si kila kitu kinaanguka kwa njia hiyo. Baba yangu alikuwa kibarua wa TAZARA kipande cha Mlimba hadi Makambako, kwenye mahandaki na daraja la Mpanga lenye nguzo za mita 50. Reli ile ilikamilika mwaka 1975. Daraja la treni halitegemei akiba ya Kazinczy, maana magurudumu hupita mara maelfu na chuma huchoka, kinapata ufa kabla hakijapinda. Minara ya umeme mkubwa unaotoka Iringa kwenda Shinyanga nayo ina vyuma vyembamba, ambavyo hukunjika kwa kubanwa. Programu lazima iulizwe swali la jengo lililo mbele yako.

Mwaka juzi mwenye ghala moja pale Ipogolo aliniomba nimfungie winchi kwenye mhimili uliokuwa umeshalegea katikati. Binti wa kaka yangu, aliyesomea uhandisi, akaja na kompyuta yake. Tulikaa juu ya magunia ya mahindi. Programu ilionyesha rangi nyekundu kwenye ncha mbili, kisha katikati, na mzigo wa anguko ukazidi winchi kwa mbali.

"Baba mdogo, inabeba," akasema.

Nikamwomba anipe unene aliouandika. Milimita 10, kama ilivyo kwenye jedwali la kiwandani. Nikapanda ngazi, nikakwangua kutu karibu na ukuta, mahali bati lilipovujisha miaka mingi, nikapima. Saba. Upande wa pili, saba na nusu. Vilevile ncha moja ilikuwa imekaa tu juu ya tofali, haikushikwa na chochote.

Akafuta ile ncha iliyodhaniwa kushikwa, akaandika namba mpya, akasubiri. Safari hii mhimili ulihitaji bawaba mbili tu kuanguka, na winchi ilitosha kuzizaa. Aliinua macho juu, akaniomba chaki. Akapanda mwenyewe, akaweka alama mbili nyeupe kwenye chuma, na kesho yake tukaanza kuchimba msingi wa nguzo ya katikati.