Kanieneo: deni langu kwa binti wa kidato cha pili

Siku nyingi sijaandika, mitihani ilinibana. Leo sina umbea, nina deni.

Siku ya mwisho ya mazoezi ya kufundisha niliandika ubaoni: kanieneo ni kani kugawanya kwa eneo. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mrija mnene una zebaki nzito zaidi. Mbona haishuki kuliko ya mrija mwembamba?" Nikamwambia tutaliangalia kesho. Kesho yenyewe nilikuwa kwenye basi narudi chuo. Imeniuma sana.

Kumbe swali lake ni la karne ya 17. Mwaka 1644 Muitalia Evangelista Torricelli alieleza habari za mrija wa kioo uliojazwa zebaki ukageuzwa kichwa chini bakulini: zebaki ilisimama kwenye sentimita 76 hivi. Akasema inashikiliwa na hewa ya nje. Wengi wakabisha. Tarehe 19 Septemba 1648, kwa ombi la Mfaransa Blaise Pascal, shemeji yake Florin Périer akapanda na zebaki mlima wa Puy de Dôme. Kileleni ikashuka sentimita 8 hivi, wakati mrija ulioachwa chini haukubadilika. Hewa ina uzito jamani!

Ila kilichonifumbua macho ni maandishi ya Pascal yaliyotoka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Anaeleza chombo cha maji chenye matundu mawili yenye pistoni, moja kubwa mara 100 kuliko jingine. Mtu mmoja akisukuma kwenye dogo, anawazuia watu 100 wanaosukuma kwenye kubwa! Kani hazilingani hata kidogo. Kinacholingana ni kani ukiigawa kwa eneo lake.

Sasa rudi kwenye mrija. Eneo likiwa mara mbili, zebaki nayo inakuwa nzito mara mbili, lakini imekalia eneo mara mbili. Kila sentimita ya mraba inabeba mzigo uleule. Unene unajifuta, urefu unabaki.

Yaani jibu lilikuwa ndani ya neno lenyewe, kani na eneo, nami niliandika bila kulisoma. Jumamosi naposti barua kwa mwalimu wao amsomee. Nimeanza na neno "samahani".

Wenzangu wa ualimu, nanyi mmewahi kukimbia swali? Semeni ukweli.