Kopo na kilo: hesabu ya maharagi yaliyoiva

Kwetu Kivu, matanga bila maharagi haiko matanga. Majirani wanaleta kuni, wamama wanaleta sufuria, moto unawaka usiku kucha. Lakini siku moja maharagi hayo yalitaka kuvunja chama chetu.

Mama mpishi alipokea kilo 10 za maharagi makavu, zikaandikwa katika kitabu. Asubuhi mshika-sanduku akapima yaliyoiva kwa kopo la litri moja, bila kilele, akapata makopo 31. Alijua ya kuwa kopo moja la maharagi makavu liko na uzito wa gramu 800 hivi. Akahesabu, akapata karibu kilo 25. «Mama, kilo 15 zingine ulizitoa wapi? Uliingia depo bila ruhusa?» Mama akalia mbele ya watu.

Kosa halikuwa la mama. Lilikuwa la vipimo, na vipimo viko na historia yao.

Wazee wetu walipima kwa kikapo na kibuyu. Kunde na njugu mawe ni mazao ya Afrika tangu zamani. Maharagi asili yake ni Amerika, nayo yakaingia katika vikapo vilevile. Baadaye yakaja makopo ya biashara. Bukavu tunasema murongo, Lubumbashi wanasema meka, na kopo la maziwa ya unga ya Guigoz likageuka kipimo cha soko. Vyote hivi vinapima nafasi, havipimi uzito. Na kile kilele cha juu ni heshima ya muuzaji kwa mteja wake.

Kilo ilikuja na Wabelgiji, lakini ilizaliwa Ufaransa, katika sheria ya mwaka 1795. Ilifungwa na maji: litri moja ya maji, kilo moja. Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Litri ya maharagi haifiki kilo, sababu katikati ya punje muna hewa.

Tena maharagi kwa moto yanakunywa maji. Kilo moja ya makavu inatoa kilo 2 na zaidi, pengine 2 na nusu, supu ikiisha kuchujwa. Litri moja ya yaliyoiva na kuchujwa iko na gramu 750 hivi. Basi makopo 31 ni kilo 23 na kidogo. Ukizigawa kwa 2,3 unarudi kwenye kilo 10 za mama. Hakuna punje iliyoibiwa. Zile kilo 13 zilikuwa maji ya kisima!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usichukue uzito wa makavu kuhukumu sufuria. Pima kopo tupu, ulijaze maharagi yaliyochujwa, upime tena, kisha utoe uzito wa kopo. Rudilia kwa kila aina, maana punje kubwa na ndogo hazijazi sawasawa, na maharagi ya kukaa sana depo hayavimbi vizuri.

Mshika-sanduku aliomba samahani mbele ya wazee, na mama akapokea. Tangu siku ile kitabu chetu kiko na mistari miwili: makavu na yaliyoiva. Murongo hatukuuacha. Tumejifunza tu kumuuliza kila mtu, mbele ya kumshitaki: ulipima nini, na kwa kipimo gani?