Trauti wa Mto Gura na funzo kwa kingo zetu

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Uskoti na kuyapandikiza Mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Walistawi kwa kuwa msitu uliweka maji baridi na changarawe safi. Trauti hutaga kwenye changarawe. Udongo wa mashambani ukiziba nafasi zake, mayai hukosa hewa.

Ndugu mkulima wa Sigino, samaki wetu ni perege na kambale, lakini udongo ni uleule: unajaza Ziwa Babati.

Geuza jiwe mtoni. Wadudu chini yake ni dalili ya uhai. Tope tupu ni onyo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Usilime hapo, acha matete na miti vishike udongo.