Roketi na kombora: ndugu wa tumbo moja

Leo tuweke programu pembeni kidogo.

Juzi nilikuwa Lopur, kule upande wa Kakuma, nikiwafundisha vijana kompyuta. Jioni umeme ukakatika, tukatoka nje. Nanyi mnaijua mbingu ya Turkana isiyokuwa na taa. Setilaiti ikakatiza taratibu juu yetu, nami nikawaeleza kwamba kile kinuru kilipelekwa huko na roketi. Kijana mmoja, aliyefika Kakuma akikimbia vita, akaniuliza: "Mwalimu, roketi si ndiyo ile wanayorusha kwenye vijiji?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana kijana amesema kweli.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1944 Wajerumani walianza kurusha kombora la V-2 London na miji mingine. Baada ya vita, Wamarekani waliwachukua wahandisi wake, naye Wernher von Braun na wenzake wakawatengenezea kombora la Redstone. Toleo lake lililoongezewa vipande vya juu ndilo lililopeleka setilaiti ya kwanza ya Marekani, Explorer 1, Januari 31, 1958. Warusi walikuwa wamekwisha watangulia: Sputnik ya Oktoba 4, 1957 ilipanda juu ya R-7, kombora lililoundwa kubeba bomu la nyuklia hadi bara jingine. Roketi za Soyuz zinazoruka hadi leo ni wajukuu wa R-7 hiyo.

Kwa nini mambo yalikuwa hivyo? Fedha. Serikali zilitoa mabilioni kwa ajili ya silaha, si kwa ajili ya nyota. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili: unachukua kazi iliyoandikwa kwa shughuli nyingine, unabadilisha hapa na pale, nayo inafanya kazi ambayo mwenyewe hakuiwaza.

Sasa turudi nyumbani. Wengi hawajui kwamba Kenya nayo imo katika hadithi hii. Baharini karibu na Malindi, mbele ya Ngomeni, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo, zote kwa roketi ya Marekani iitwayo Scout.

Ifungue hiyo Scout uone. Ina vipande vinne, kimoja juu ya kingine. Cha chini kilitokana na kazi ya kombora la Polaris la nyambizi. Cha pili kilitokana na Sergeant, kombora la jeshi la nchi kavu. Vya juu vilitokana na Vanguard, mradi uliokuwa wa utafiti. Vyote vinatumia fueli yabisi. Kombora la vita lazima likae tayari miezi na miaka, likisubiri amri, na fueli ya namna hiyo haihitaji kujazwa dakika ya mwisho. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyofaa katika jukwaa dogo katikati ya maji.

Na kwa nini Malindi? Kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Ukirusha roketi kuelekea mashariki, kasi hiyo unapewa bure.

Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, Scout iliinuka pale ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei angani. Wakaiita Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Njia yake ilikuwa kati ya nyuzi 3 kaskazini na nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Lodwar iko nyuzi 3 na kidogo kaskazini. Maana yake ni kwamba Uhuru ilipita juu ya Afrika Mashariki mara 14 hivi kila siku, na nyakati nyingine karibu na utosi wa Lodwar kabisa. Wazee wetu walikuwa wakichunga mbuzi chini yake bila habari.

Hapo ndipo panaponiuma. Bahari ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu, lakini Kenya ilingoja hadi 2018 kuwa na setilaiti yake ya kwanza, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Taifa-1 ilifuata Aprili 2023, nayo ilirushwa kutoka California. Kukodisha kiwanja si sawa na kujifunza ujenzi.

Yule kijana nilimjibu hivi: ndiyo, ni ile ile. Tofauti ni kilichowekwa juu yake, na aliyeshika hesabu za mwelekeo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza hizo hesabu zinafanywaje. Umeme uliporudi tukaanza nazo.